Homa Imekwisha, Miguu Je?

Mtu akiugua homa nyumbani, sote tunajua mahali pa kumtazama. Tunamgusa paji la uso. Tunamuuliza kama amekula. Akitetemeka tunamfunika, akitokwa jasho tunamfunua. Siku homa inaposhuka tunashukuru, majirani wanapunguza kuja kumjulia hali, na watu wa nyumbani wanarudi shambani. Lakini ni nani kati yetu anayefunua shuka upande wa pili na kutazama miguu?

Maoni yangu ni haya. Mgonjwa wa homa anayeuguzwa nyumbani hapana budi atazamwe miguu kila siku, kama anavyotazamwa joto la mwili. Wala hili si jambo la urembo. Jembe hushikwa kwa mikono, lakini ni miguu inayolifikisha shambani. Mkulima aliyepona homa wakati wa kupanda, huku hawezi kusimama, hajapona. Mvua haimsubiri. Atakapoweza kusimama, wenzake watakuwa wanapalilia, na yeye atakuwa na njaa ya mwaka mzima mbele yake.

Nitaeleza zaidi habari za ugonjwa mmoja, kwa sababu unaonyesha jambo hili wazi kuliko magonjwa mengine. Ugonjwa huo unaitwa chikungunya.

Jina hili si la Kizungu. Ni la Kimakonde. Miaka ya 1952 na 1953 ulitokea mlipuko wa homa katika uwanda wa juu wa Makonde, sehemu za Newala na jirani zake, kusini mwa nchi yetu, wakati huo ikiitwa Tanganyika. Watu walishikwa na homa ya ghafla. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kujinyoosha. Wenyeji wakaupa ugonjwa jina kwa kile walichokiona: jambo linalompinda mtu, linalomkunja. Mwaka 1955 madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha taarifa za ugonjwa huo, na jina la Kimakonde likaingia katika vitabu vya utabibu. Leo daktari wa India au wa Brazili hulitamka kila mara, pengine bila kujua kwamba anasema lugha ya Newala. Laiti tungekuwa tumewapa dunia neno zuri zaidi!

Ugonjwa huo haukubaki Newala. Mwaka 2004 ulizuka kisiwani Lamu, pwani ya Kenya. Watu walipopimwa damu huko, ilionekana kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kisha ukaingia Mombasa, ukavuka bahari mpaka Komoro mwaka 2005, na kisiwa cha Réunion mwaka huo na uliofuata. Huko Réunion zaidi ya theluthi moja ya watu wote waliugua. Mwaka 2013 ukafika visiwa vya Karibi, na baada ya hapo Amerika ya Kusini. Mombasa ulirudi tena mwishoni mwa 2017.

Chikungunya huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, na haviuawi na dawa za kuua bakteria. Kwa hiyo mtu anayekwenda dukani kununua vidonge vya rangi mbili ili atibu homa hii anatupa fedha zake. Hakuna dawa inayoviua virusi vya chikungunya vikiisha kuingia mwilini. Mwili wenyewe ndio unaovishinda, na kwa watu wengi homa huisha ndani ya wiki moja. Kazi yetu ni kumpumzisha mgonjwa, kumpa maji ya kunywa kwa wingi na chakula, na kumpa dawa ya maumivu ya parasetamoli kwa kipimo alichoelekezwa zahanati. Asipewe aspirini mpaka mganga ahakikishe kwamba si homa ya dengi. Dengi hufanana sana na chikungunya siku za mwanzo, nayo inaweza kumtoa mtu damu. Aspirini huzidisha hatari hiyo.

Sasa tuje kwenye miguu. Chikungunya hupenda viungo vidogo: vidole vya mikono, viwiko vya mikono, vifundo vya miguu, vidole vya miguu. Homa inaondoka, lakini maumivu yanabaki. Kwa wengine yanakaa wiki chache. Kwa wengine miezi. Wapo wanaokaa nayo zaidi ya mwaka, hasa watu wazima wenye umri mkubwa na wale waliokuwa na maumivu ya viungo tangu zamani. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko saa nyingine. Mtu anaamka, anateremsha miguu kitandani, anajaribu hatua ya kwanza, na anahisi kama anakanyaga misumari. Kifundo kimekauka. Anatembea kwa upande wa wayo, akishika ukuta. Jua likipanda, viungo vinalegea kidogo, na mchana unaweza kumwona anatembea karibu sawasawa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jirani aliyemwona mchana akitembea, akisikia kwamba asubuhi hakwenda shambani, husema, "Huyu ni mvivu, homa ilikwisha zamani." Mwingine anatazama kifundo kilichovimba na kunong'ona kwamba mtu huyu amekanyaga kitu, yaani amekanyaga dawa iliyotegwa njiani na mbaya wake. Nimesikia maneno ya namna zote mbili, na sijui lipi ni baya zaidi. La kwanza linamtoa mgonjwa shambani kabla ya wakati wake. La pili linamtafutia adui asiye na hatia, na linampeleka kwa mtu wa kumchanja chale. Ndugu msomaji, kifundo kilichovimba baada ya homa hakihitaji wembe. Wembe uliochanja wengine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na jeraha lenyewe linaweza kuingiza pepopunda. Mtu anakuwa ameingia na ugonjwa mmoja na kutoka na magonjwa matatu.

Adui aliyemtegea yupo kweli, lakini ni mbu. Tena si mbu yule tuliyezoea kufundishwa. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika katika vikundi wakisikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Tulijifunza kumwogopa mbu wa malaria, anayeuma usiku. Mbu wa chikungunya ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Haishi porini. Huyu ni mbu wa nyumbani. Anazaliwa katika maji yetu tuliyoyahifadhi: mtungi, pipa, ndoo, dumu lililokatwa, tairi bovu nyuma ya nyumba, hata kifuu cha nazi kilichopata mvua. Kule uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida kubwa. Watu waliyafuata mbali, na waliyaweka ndani ya nyumba katika vyombo siku nyingi. Mbu akapata nyumba, maji na chakula mahali pamoja.

Tazama basi jinsi mambo yanavyozunguka. Mbu anaishi nyumbani. Anayeshinda nyumbani ndiye anayeumwa naye zaidi: mama mwenye mtoto mchanga, mzee, mlemavu, fundi cherehani wa barazani. Akiugua, ugonjwa wenyewe unamzidishia kukaa nyumbani. Na katika siku zile za homa, damu yake ina virusi vingi, hivyo kila mbu anayemuuma hupata virusi vya kupeleka kwa wengine wa nyumba ile ile. Ndiyo sababu nasema mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua mchana pia, si usiku tu. Watu hucheka wakiona chandarua kimeteremshwa saa nne asubuhi. Waache wacheke.

Vyombo vya maji vifunikwe vizuri. Mara moja kila wiki vimwagwe na kusuguliwa ndani kwa brashi au magunzi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa chombo, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku kama saba hadi kumi wakati wa joto. Ndiyo maana nasema kila wiki, wala si kila mwezi.

Nimesema kwamba ugonjwa unamweka mtu nyumbani. Watu hudhani nyumbani ni mahali salama kwa miguu. Shambani kuna miiba na visiki, njiani kuna mawe, lakini nyumbani kuna nini? Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, serikali nyingi za Ulaya ziliwaamuru watu wakae majumbani wiki nyingi. Kisha madaktari wakaanza kuona jambo geni. Vijana walikuja na vidole vya miguu vilivyovimba, vyekundu au vya zambarau, vinavyowasha na kuuma. Wengine wakasema ni virusi vya korona. Lakini wengi wa vijana hao walipopimwa hawakuonekana kuwa na korona. Ndipo madaktari wengine wakasema: hawa wameshinda ndani, wamekaa kitako siku nzima, bila viatu, juu ya sakafu baridi. Mabishano hayo yaliendelea, na pengine sababu zote mbili zilikuwapo. Kwangu mimi somo limetosha. Miguu inaweza kuugua kwa sababu mwenyewe hatoki nyumbani.

Baridi ya Ulaya si yetu. Sisi tuna mambo yetu ya nyumbani, na mkubwa wao ni funza, au tekenya kama anavyoitwa sehemu nyingine.

Funza ni aina ya kiroboto. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliingia Angola kwa meli, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara la Afrika mpaka kwetu. Jike huingia katika ngozi ya mguu, hasa chini ya kucha, kati ya vidole na kisiginoni. Anavimba kwa mayai mpaka kuwa kama punje ya mahindi, anayatoa mayai nje, kisha anafia humo humo. Mayai huanguka katika vumbi, na watoto wake hukua katika vumbi hilo. Nyumba yenye sakafu ya udongo mkavu uliovunjika ni shamba lake zuri. Wengi hufikiri funza huokotwa njiani. Mara nyingi huokotwa karibu na kitanda.

Chukua mfano wa mzee aliyetoka katika homa ya chikungunya. Vifundo vinamuuma, kwa hiyo hainami kutazama nyayo zake. Vidole vya mikono vimekakamaa, kwa hiyo hata akiinama hawezi kushika pini. Anakaa ukutani mchana kutwa, miguu imetandazwa juu ya vumbi. Hana kandambili, maana kandambili zake alipewa mjukuu wa kwenda shule, kwa kuwa babu hatoki. Baada ya wiki sita homa imesahauliwa, na babu ana funza ishirini. Sasa hawezi kutembea, si kwa sababu ya virusi, bali kwa sababu ya nyumba. Wanaomtunza wanaona aibu na kumficha. Zahanati haijui lolote.

Dawa ya hili ni rahisi kuliko aibu yenyewe. Miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni na itazamwe penye mwanga, kati ya kila kidole na kidole. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na isiribwe upya ikipasuka. Nguruwe, mbwa na mbuzi wasilale wanapolala watu, kwa maana nao wanabeba funza. Funza mmoja aliyeonekana mapema hutolewa kwa pini iliyochemshwa, na jeraha likaoshwa. Pini hiyo asitumiwe mtu mwingine bila kuchemshwa tena. Wakiwa wengi, msimchokonoe mzee wa watu mpaka alie. Mpelekeni zahanati. Yapo mafuta ya dimetikoni yanayomwua funza ndani ya ngozi bila kuchimba. Muulizeni mganga kama anayo, au kama anajua yanapopatikana, na hali kadhalika mwulizeni habari za sindano ya kuzuia pepopunda.

Jambo la pili la nyumbani ni kulala mno. Mapumziko ni dawa siku za homa. Baada ya hapo yanageuka. Mtu akilala chali siku nyingi, uzito wa shuka na blanketi unasukuma vidole vya miguu mbele, na wayo unaelekea chini kama wa mtu anayechungulia kwa ncha za vidole. Mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unafupika. Siku anapoamka, kisigino hakigusi chini. Nacho kisigino, kikikaa juu ya mkeka au kitanda cha kamba bila kusogezwa, ngozi yake inabanwa, inakuwa nyekundu au nyeusi, kisha inafanya kidonda. Kidonda cha kisigino kinaweza kuchukua miezi kupona.

Mtunzaji akunje khanga kuukuu, aiweke chini ya misuli ya mguu, juu kidogo ya kifundo, ili kisigino kielee kisiguse kitanda. Nyayo ziegemezwe kwenye mto au boksi ili zisimame wima. Na mara kadhaa kwa siku mgonjwa avute vidole kuelekea usoni kwake, avisukume mbele, azungushe kifundo taratibu kulia na kushoto. Akishindwa mwenyewe, ashikiwe na kufanyiwa polepole, pasipo nguvu. Homa ikiisha aketi kwenye ukingo wa kitanda. Kesho yake asimame akishika kiti. Kisha atembee mpaka mlangoni, kisha mpaka kwenye mwembe. Kuuma kidogo si kosa. Akiona maumivu yamezidi na uvimbe umeongezeka siku ya pili yake, amepitiliza, apunguze. Hii ndiyo kazi ya uuguzi, nayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya vizuri kuliko watu wazima wasio na subira.

Kuna na kukanda. Watu wetu wanapenda kukanda kwa maji ya moto, na maji ya vuguvugu huleta nafuu kweli kwa viungo vilivyokakamaa. Wakati kifundo kimevimba na kina joto, kitambaa cha maji baridi ni bora zaidi. Hatari iko kwa mtu mwenye ganzi. Mwenye kisukari huenda hasikii moto miguuni. Anaweza kuweka mguu katika maji yanayounguza, au karibu na jiko la mkaa, na asijue mpaka aone malengelenge. Hali kadhalika wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao miguu yao ina ganzi au inawaka moto. Wengine ganzi hiyo waliipata kutokana na virusi vyenyewe, wengine kutokana na dawa ya zamani iitwayo stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe polepole. Kwa watu hawa wote, maji yapimwe kwanza na kiwiko cha mtunzaji, si kwa mguu wa mgonjwa.

Magaga nayo yasidharauliwe. Unyayo uliopasuka ni mlango wa vijidudu. Miguu iloekwe katika maji ya vuguvugu dakika chache, isuguliwe taratibu kwa jiwe, ikaushwe vizuri hasa katikati ya vidole ambapo fangasi hupenda unyevu, kisha ipakwe mafuta ya nazi au mafuta ya mgando. Usikate gaga kwa wembe. Mwenye ganzi asisugue kwa jiwe hata kidogo.

Mpaka hapa nimesema mgonjwa alale, afanyiwe hiki, apewe kile. Lakini najua vijijini kwetu yuko mgonjwa mmoja ambaye halali. Huyo ni mama. Baba akishikwa na homa, anatandikiwa. Mama akishikwa na homa ile ile, anafunga khanga kiunoni na kuwasha moto, kwa sababu watoto hawajala. Vifundo vimevimba, naye anakwenda kisimani na ndoo ya lita ishirini kichwani, yaani kilo ishirini zinazoshuka mpaka kwenye viungo vile vile vinavyowaka. Halafu tunashangaa mbona maumivu yake hayaishi. Wanaume wenzangu, hapa nasema bila kuficha. Mwanamume anayeweza kupanda baiskeli na gunia la mahindi anaweza kuleta madumu mawili ya maji. Afanye hivyo kwa wiki zote ambazo mkewe anaamka akishika ukuta, wala asingoje kuombwa. Watakaomsema kijiweni hawatamlimia shamba.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wa zahanati. Mgonjwa anakuja na homa, anapimwa malaria, hana. Anapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nenda nyumbani. Kipimo cha chikungunya hakipo katika zahanati nyingi, na hilo si kosa la mganga. Lakini maneno hayahitaji kipimo. Mganga anaweza kumwambia mgonjwa wa homa yenye maumivu makali ya viungo kwamba maumivu yanaweza kubaki miezi, kwamba si uchawi, kwamba atumie chandarua mchana, na kwamba arudi kama miguu haina nafuu. Dakika mbili zinatosha. Mgonjwa aliyeambiwa mapema hatauza mbuzi ili alipe mchanja chale. Nao wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wasitosheke kuuliza hodi na hali. Waombe kuona miguu ya wazee.

Yako mambo ambayo nyumbani si mahali pake. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma, kwenye misuli, baada ya mtu kulala siku nyingi, na pumzi ikabana, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kiungo kimoja kikiwa chekundu, cha moto, na homa ikarudi, pengine kuna usaha ndani. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kisingoje siku ya gulio. Na mtoto akishikwa na homa kisha mguu wake ukalegea ghafla, habari ifike zahanati siku hiyo hiyo, maana polio nayo ni ya virusi, na kila mtoto wa namna hiyo lazima achunguzwe.

Utaniuliza, viatu je? Fedha za viatu vya nyumbani zitoke wapi? Sisemi viatu vya ngozi. Kandambili, au katambuga za tairi, zinatosha, mradi zikae karibu na kitanda cha mgonjwa na ziwe zake. Kama kifundo kimevimba, afadhali katambuga yenye mkanda wa nyuma, kwa sababu kandambili humlazimisha mtu kubana vidole ili isimtoke, na vidole ndivyo vinavyouma. Fundi wa gulioni atakata mkanda huo katika tairi lile lile. Na ukiwa umetoka kumkanda babu miguu, maji yale yasiachwe katika beseni nyuma ya nyumba mpaka wiki ijayo. Yamwage jioni hiyo hiyo chini ya mgomba, na beseni ulifunike kifudifudi.